Vitabu Vilivyoanikwa kwa Jaja Habibah

"Ile mama iko na mutu ndani ya sanduku," Gorret alisema, huku akimenya ndizi bila kumtazama Biira. "Ni bwana yake. Alikufia kule Kongo, akamuleta, hakumuzika. Sasa kila kiangazi anamutoa, anamuanika kwa jua."

Biira alicheka, kisha akaacha kucheka, maana Gorret mwenyewe hakucheka.

"Anaanika mutu aje?"

"Uliza pua yako, mama Jolly. Hujasikia harufu ya karafuu inatoka kule? Ile ni ya kuficha. Na anamusemesha! Nimesikia na masikio yangu. Saa ingine anamuimbia."

Biira alikuwa mgeni pale Bwera. Mume wake aliendesha lori la saruji kutoka Hima na alikuja nyumbani mwisho wa juma, akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Yeye na mtoto walipanga chumba uani kwa Gorret. Nyuma ya chumba ulipita ua wa matete, na ng'ambo ya ua ndiko alikoishi huyo mama anayesemwa, Jaja Habibah, bibi mjane wa Kiislamu ambaye hakuzaa. Biira alimjua kwa sauti tu. Jioni jua likipoa, sauti ile ilipenya kwenye matete, nyembamba na ya kuvutavuta, ikisema maneno ambayo Biira hakuyaelewa. Mara nyingi Jolly alilala nayo. Biira hakumwambia Gorret jambo hilo. Angesemaje kwamba mwanawe analazwa na mtu anayezungumza na maiti?

Basi ilikuwa siku ya jua kali, na Biira alikuwa anafua. Ghafla upepo ukageuka, ukashuka kutoka mlimani ukiwa baridi, na watu wa Bwera wanajua maana yake. Mvua ya pale haibishi hodi. Na mvua ikija huku kahawa imeanikwa, kuna sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: unakimbilia uwanja ulio karibu nawe, uwe wa rafiki au wa mtu mliyegombana naye tangu Krismasi, na unakusanya. Maneno mtayamalizia baadaye.

Biira alimfunga Jolly mgongoni, akachungulia kwenye upenyo wa matete. Aliona vitanda vya kamba vimetolewa nje, vimetandikwa mikeka na turubai, na juu yake kitu kimetandazwa kote. Aliona pia bibi mmoja mrefu, mwenye mtandio mweupe, akipapasa hewani. Hakungoja kuona zaidi. Alipita pale pale penye upenyo.

Ilikuwa karatasi. Karatasi juu ya karatasi, za manjano, za kahawia, zimeshikiliwa na vijiwe vidogo. Lakini mikono ya Biira ilikuwa imekwisha anza, na mikono hiyo ilijua kazi moja tu. Aliondoa mawe, akashika ncha za turubai, akasukuma kila kitu kutoka pembeni kuja katikati, akakunja, akabeba kifuani, mtoto akiwa mgongoni, akatupa ndani ya nyumba. Akarudi kwenye kitanda cha pili. Akarudi tena. Matone ya kwanza yalipoanza kupiga bati, kitanda cha mwisho kilikuwa kitupu.

"Alhamdulillahi," alisema bibi, akiwa amesimama mlangoni. "Nani wewe, mwanangu?"

"Mimi Biira, Jaja. Mama Jolly. Nakaa hapa kwa Gorret."

"Yule wa mtoto anayekohoa usiku?"

"Amepona sasa."

"Nimesikia amepona." Bibi aliinama, akagusa lile rundo sakafuni, akapitisha vidole juu yake polepole. Vidole vilisimama. "Umevikusanya vipi, Biira?"

"Kama kahawa, Jaja."

Jaja Habibah alikaa chini pale pale, miguu mbele kama msichana, na Biira alidhani analia. Mabega yalitikisika. Kumbe ni kicheko, kilichoanza kidogo kikakua, hata Jolly mgongoni akaanza kucheka bila kujua anachekea nini.

"Kama kahawa!" alisema, akijifuta macho. "Baba yangu Muniru, Mungu amrehemu, angekufa mara ya pili. Njoo ukae. Usiogope. Havijaloa, hilo ndilo kubwa. Tatizo ni kwamba umevichanganya."

Ndipo Biira alipoelezwa alichofanya. Vile vitabu vya zamani havikushonwa. Vilikuja karatasi kwa karatasi, zimepangwa ndani ya jalada la ngozi au la kitambaa, na jalada linafungwa kwa uzi kama mzigo. Kila kiangazi Jaja Habibah alivianika, kwa maana unyevu wa mlima huzaa wadudu, akavitia karafuu, akavirudisha. Kila kitabu kilikuwa na kitanda chake na mahali pake. Sasa vitabu vyote vya vile vitanda vilikuwa rundo moja. Misahafu peke yake ilisalimika, maana ilikaa rafuni juu na haikutolewa siku ile.

Biira alihisi masikio yanawaka moto. "Nisamehe, Jaja. Sikujua."

"Ungejua, ungesimama ukifikiria, na vingeloa. Hapana, mwanangu. Kosa lako limeniokoa." Kisha sauti yake ikashuka. "Ila Shakib anakuja Ijumaa ya wiki ijayo."

Shakib alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, mwenye malori pale Kasese mjini. Na kuja kwake hakukuwa kuja kwa kusalimia tu. Tangu enzi za babu yake Jaja Habibah, sanduku la vitabu la nyumba ile lilikuwa na desturi yake. Ufunguo hukaa kwa msomaji. Kila mwaka baada ya kuanika, mtu mmoja wa ukoo anakuja, anachagua ukurasa wowote katika kitabu chochote, na mwenye ufunguo anausoma kwa sauti, mbele yake. Akisoma, ufunguo ni wake mwaka mwingine. Akishindwa, vitabu vinahamia kwa anayeweza. Shakib alisoma madrasa, na alikwisha jenga chumba cha matofali na kabati la vioo.

"Akikuta rundo hili," alisema Jaja Habibah, "hatahitaji hata kunisomesha. Atapakia."

"Basi tupange," alisema Biira.

"Unajua herufi hizi?"

"Hapana."

"Osha mikono kwanza. Halafu njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha. Kila karatasi, upande wake wa nyuma, chini kabisa pembeni kushoto, ilikuwa na neno moja limekaa peke yake, limeinama kidogo. Neno lile lile ndilo linaloanza karatasi inayofuata. Waandishi wa zamani walifanya hivyo ili karatasi zikimwagika zijue njia ya kurudi.

"Babu aliliita mwito," alisema bibi. "Karatasi inamwita mwenzake. Huna haja ya kujua inasema nini. Tazama tu umbo lake, umtafute anayefanana."

Kuanzia kesho yake Biira alikuja kila alipomaliza kufua na kupika. Jolly aliwekwa katikati ya mkeka na kijiko cha mti. Kwanza Biira alitenga rangi, kama mtu anayechambua maharage: karatasi za manjano huku, za kahawia kule, zenye mistari myekundu pembeni peke yake, zenye wino ulioiva kama kutu peke yake. Kisha akaanza kutafuta miito. Alishika karatasi moja, akakariri lile neno la chini kwa macho, akapita juu ya nyingine zote mpaka macho yalipogongana nalo. Kila alipopata alisema "Hee!" na Jolly naye akasema "Hee!"

Gorret alimngoja kwenye ua. "Umeonana na maiti?"

"Nimeonana nayo. Imeniambia nioshe mikono."

"Wewe! Na bwana yako akisikia unaingia kwa ile mama?"

"Ni vitabu, Gorret. Sanduku zima ni vitabu."

Gorret alifikiri kidogo. "Vitabu vya nini vingi hivyo? Mutu akishasoma kitabu si anaacha?" Lakini jioni ile alimtuma mtoto wake na sahani ya bundu, ule ugali wa muhogo, na mboga ya sombe, akisema ni ya Jaja, na kwamba hakuweka nyama ya nguruwe, amwambie hivyo waziwazi.

Kazi ya mikono huachia mdomo nafasi, na Jaja Habibah alisimulia. Alisema zamani nyumba nyingi za wafanyabiashara wa Kiislamu, kutoka Kasese hadi huku mpakani, zilikuwa na sanduku kama hilo. Watu waliobeba chumvi na kahawa walirudi na vitabu kutoka Kampala, na wengine kutoka Mombasa, vimefungwa ndani ya mashuka. Kulikuwa na vya sheria, vya nahau, vya maulidi, vya dawa, na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizi hizi za Kiarabu. Mama yake mzazi, alipoposwa, hakutaka mbuzi. Mahari yake ilikuwa kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa katika rundo lile. Biira alikuwa amekwisha kupata nusu yake.

"Na masanduku mengine yako wapi, Jaja?"

"Aa. La Karusandara lililiwa na mchwa, wakabaki na majalada. Kasese kuna familia maji ya mto yaliingia ndani, yakachukua vitabu na kuku. Na Muhokya," akacheka tena, "Muhokya baba alikufa, watoto wakagawana kama shamba. Mmoja akachukua mwanzo wa kitabu, mwingine mwisho. Mpaka leo hawasemeshani, na hakuna anayejua hadithi iliishaje."

Yeye mwenyewe alipewa ufunguo akiwa msichana. Kaka zake walipenda malori. Walipoitwa kusoma walikohoa, wakatoka nje kutazama matairi. Habibah alijifunza akiwa nyuma ya pazia, baba yake akidhani anashona. Siku ya kusomeshwa, kaka mkubwa alikwama kwenye mstari wa pili, na sauti kutoka nyuma ya pazia ikamalizia. Mzee Muniru akarusha ufunguo juu ya pazia.

"Ukaudaka?"

"Ulinigonga hapa." Akagusa paji la uso. "Nililia. Ila sikuuachia."

Na mwaka ule waasi walipovuka mpaka, watu wakikimbilia Kasese, mume wake alileta pikapu ya kupakia magodoro na sufuria. Habibah alipakia sanduku. Likajaza pikapu. Walilala sakafuni kwenye darasa la shule, na wakimbizi wenzao wakawacheka: hawa wamekimbia na karatasi, watapika nini? Baadaye, walipokwisha rudi nyumbani, mume wake alimwambia, "Habibah, ningejua umeolewa tayari nisingekuposa." Alimwambia akicheka. Alikuwa mtu mwema. Alizikwa pale Bwera makaburini, mbele ya watu wengi, na Biira aliposikia hivyo alijikuta anavuta pumzi ndefu.

Karibu rundo lote lilipokwisha, Biira alikwama. Miito miwili ilifanana. Akamsogezea bibi karatasi. "Jaja, hili neno linasemaje?"

Jaja Habibah aliinamia karatasi. "Wewe unaona nini?"

"Mimi? Naona... kama bakuli, lina nukta moja juu."

"Hiyo ni nuni. Kisha?"

"Mti umesimama peke yake."

"Alifu. Endelea."

"Meno madogo matatu, na nukta tatu juu, kama mafiga."

"Shini. Naa-shi... sawa. Na ile nyingine?"

Mara ya kwanza Biira alidhani anafundishwa, akafurahi. Jaja alimuuliza hivyo kwa karatasi nyingine, na nyingine. Kisha Biira akatazama macho ya bibi, yaliyokuwa yameelekea kwenye karatasi lakini pembeni kidogo, kule ambako hakukuwa na maandishi. Akakumbuka mikono iliyopapasa hewani siku ya mvua. Hakuwa anafundishwa. Alikuwa anaulizwa.

Alimwinua Jolly, akamfuta pua ambayo haikuwa na kitu, akamweka tena chini.

"Umejua," alisema Jaja Habibah.

"Nimejua, Jaja."

"Mwaka jana nilikuwa bado naona herufi kubwa. Kwa jua la mchana. Sasa naona weupe tu, kama maziwa."

"Na ile unayosoma jioni?"

"Ipo hapa." Akagusa paji lile lile. "Vingi vipo hapa. Ila si vyote, na Shakib anachagua mwenyewe."

Biira aliwaza usiku ule wote, na Alhamisi, walipofunga uzi wa mwisho, alikuwa na shauri. "Jaja, kile cha maulidi unakijua chote kichwani, sivyo? Nitakiweka juu kabisa. Shakib akiinua kifuniko, mkono wake utakutana nacho. Mtu akichoka na safari anachukua cha juu."

"Kiweke," alisema Jaja Habibah, kwa sauti ya mtu anayeona haya.

Shakib alifika Ijumaa baada ya sala. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na simu mbili. Alibeba sukari, sabuni na mkate. Alimwinamia shangazi yake akamshika mikono yote miwili kwa muda mrefu. Garini, Biira aliona, kulikuwa na maboksi matupu yaliyokunjwa. Hakuwa ameyaficha wala kuyaonyesha.

"Senga, umepungua."

"Na wewe umeongezeka. Tumegawana. Huyu ni mama Jolly, jirani. Amenisaidia kuanika."

"Asante sana, mama Jolly. Vitabu vya wazee wetu ni mzigo." Akakaa, akafungua kifuniko, na mkono wake ukafika pale pale Biira alipokusudia. Akafungua uzi, akapitisha karatasi kadhaa, akachomoa moja. Biira aliona anamtazama shangazi yake usoni, si kwenye karatasi, na akajiuliza kama naye hakutaka kutafuta mbali.

"Bismillahi. Soma hapa, Senga. Kitabu cha maulidi, pale Mtume anapofika Madina."

Jaja Habibah aliipokea karatasi, akaiinua. Sauti ikatoka, ile ya jioni, na nyumba nzima ikatulia. Hata Jolly aliacha kijiko. Alisoma hadi chini, hakukosea, hakukwama, na alipofika mwisho akataja mwito, akaishusha karatasi.

Shakib alifuta macho kwa kiganja. "Mashallah. Mwaka mwingine, basi." Akaokota ufunguo uliokuwa juu ya mkeka, akamnyooshea.

Mkono wa Jaja Habibah haukutoka kwenye paja.

"Senga, ufunguo."

"Nausikia." Aliilaza karatasi taratibu juu ya magoti, akailainisha. "Hukunisikia nikisoma, Shakib. Umenisikia nikikumbuka. Ungenipa kipande cha gazeti ningekusomea maneno hayo hayo."

Biira alitazama chini. Shakib alimsogelea shangazi yake. Nje, mtu alipita na bodaboda, akapotea.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Mbona hukuniambia? Ningekupeleka hospitali."

"Nilikwenda. Wamesema yamechelewa. Na ningekuambia, ungekuja na maboksi mapema zaidi."

Shakib aliinamisha kichwa. "Unanionea, Senga. Chumba kile nilijenga cha watu wawili. Wewe na vitabu. Twende wote. Utapumzika, watoto watakusomea."

"Watoto wako wanasoma?"

Akakohoa. Kisha akaona amekohoa, akacheka bila kupenda. "Wanapenda mpira."

"Na wewe unarudi nyumbani saa ngapi?"

"Senga, desturi ni desturi. Mwenye kusoma. Hapa nani atasoma?"

Jaja Habibah aligeuza uso, akatafuta, mpaka ukaelekea kwenye pumzi ya Jolly. "Mama Jolly. Uliishia darasa la ngapi?"

"La sita, Jaja. Baba aliumia, nikatoka."

"Nuni ikoje?"

Biira alimtazama Shakib, akamtazama bibi. "Kama bakuli. Nukta juu."

"Shini?"

"Meno, na mafiga matatu."

"Senga!" alisema Shakib. "Huyu mama ni Mkristo. Si wa ukoo."

"Babu yako Muniru alisema msomaji. Hakusema zaidi."

"Hakufikiria jambo kama hili."

"Hakufikiria na mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia." Alisema bila ukali, akampapasa mpwa wake begani kama anayemtuliza mtoto. "Niachie mpaka kiangazi kingine, Shakib. Uje uchague ukurasa mgumu. Ukikosa msomaji hapa, nitapanda gari lako mwenyewe, na sanduku nyuma."

Shakib aliugeuzageuza ufunguo mkononi. Alitazama majalada yaliyofungwa sawasawa, kila moja na uzi wake, akatazama vidole vya Biira vilivyobaki na rangi ya wino wa zamani. Mwishowe aliuweka ufunguo juu ya mkeka, katikati, si karibu na yeyote, akatoka kwenda kutawadha.

Jaja Habibah hakuutafuta. Alinyoosha mkono mpaka akapata goti la Biira.

"Mwanangu, sikuombi uache kanisa lako, na mume wako akija nitamweleza mwenyewe. Misahafu nitaishika mimi. Lakini hivi vingine vina watu ndani, na mimi siwasikii tena wote. Nakuomba asubuhi zako, kabla ya kwenda kisimani. Nikufundishe herufi moja baada ya nyingine, na wewe unisomee, hata kama ni mstari mmoja, hata kama mtoto analia. Utanifanyia hivyo, Biira?"